Sola Imezima: Imekufa au Imefungwa?

Taa za sola zikigoma kuwaka jioni, weka bisibisi mbali. Kabla hujamwita fundi na kabla hujampigia wakala kelele, jibu swali moja: kisanduku kimekufa au kimefungwa? Ukikitazama pale ukutani hutaona tofauti, maana giza ni giza. Lakini kisanduku kilichofungwa hakina ugonjwa wowote. Anayekifungua ili akitibu ndiye anayekitia ugonjwa, na papo hapo anapoteza waranti ambayo ingemlinda mwaka mmoja au miwili.

Nawaandikia watu wa Migori na Homa Bay: mkulima wa miwa Awendo, mwenye duka Rodi Kopany, mama anayekaanga samaki Sori, mvuvi wa omena Mbita. Wengi wenu mna seti ya sola ya kulipa pole pole, kidogo kidogo kwa M-Pesa, mpaka deni liishe. Ni kifaa chema. Kimewaondolea watoto moshi wa koroboi machoni wakisoma, na kimemwondolea mama safari ya kwenda kuchajisha simu sokoni kwa pesa. Ila ni kifaa chenye ubongo, na ubongo huo hutumikia mabwana wawili: wewe unayewasha taa, na kampuni inayokudai. Karibu kila ugomvi wa waranti nilioushuhudia ulizaliwa hapo.

Ubongo wa kisanduku

Seti ya nyumbani ina paneli juu ya mabati, betri, na kidhibiti. Siku hizi betri na kidhibiti hukaa pamoja ndani ya kisanduku kimoja cha plastiki, ndiyo maana mtu akisema "sola yangu" mara nyingi anamaanisha kisanduku hicho. Kidhibiti kina kazi mbili. Kwanza, hulinda betri isijazwe kupita kiasi wala isikamuliwe hadi ife. Pili, huhesabu siku ulizolipia. Siku zikiisha hukata umeme, hata kama betri imejaa pomoni na jua linawaka.

Habari ya malipo yako hukifikia kisanduku kwa mojawapo ya njia mbili. M-KOPA, iliyoanza kuuza sola Kenya mwaka 2012, ilitia laini ya simu ndani ya kisanduku chenyewe, kwa hiyo ukilipa, kampuni huzungumza nacho moja kwa moja. Kampuni nyingine hukutumia nambari kwenye simu yako, nawe unaziingiza kwa vitufe. Kila njia ina udhaifu wake. Kisanduku chenye laini hutegemea mtandao: kikiwa bondeni nyuma ya kilima, au kimefichwa ndani ya kabati la chuma, unaweza kulipa asubuhi na kisipate habari hadi kesho yake. Kisanduku cha nambari hutegemea vidole na mpangilio. Kila nambari ni ya kisanduku kimoja tu na hutumika mara moja tu. Ukiruka moja, ukarudia ya zamani, au ukaingiza ya jirani, kitakataa, na ukiendelea kubahatisha, baadhi ya visanduku hujifunga kwa muda.

Wenye stima ya Kenya Power wanalijua jambo hili. Mwaka 2024 mita za tokeni zilihitaji kubadilishiwa ufunguo kabla ya tarehe 24 Novemba. Mteja alipewa mafungu mawili ya tarakimu 20 ayaingize kwanza, ndipo aingize tokeni yake ya kawaida. Mita ambayo haikufanyiwa hivyo haingepokea tokeni mpya. Haikuwa imeungua, bali ilikuwa inangoja ufunguo. Mtu ambaye angeiita mbovu na kuanza kukata nyaya angejitafutia kesi bure.

Hata kwenye nchi za mbali na ziwa letu, watu wazima wenye vyombo vya bei ghali huanguka kwenye shimo hilo hilo. Ujerumani kuna watu wengi wanaofuga treni ndogo za mezani, zinazotembea kwenye reli nyembamba, na kampuni kama Märklin imekuwa ikitengeneza vitu hivyo tangu karne ya 19. Treni za sasa zina kidhibiti cha kidijitali ndani ya kichwa cha garimoshi, nacho husikiliza amri zinazopita kwenye reli. Kila kichwa kina anwani yake, na vingi hutoka kiwandani vikiwa na anwani ya 3. Mwenyewe akituma amri kwa namba 5, kichwa hakisogei hata inchi moja. Asiyejua huamini mota imeungua. Hufungua, huchomoa waya mwembamba kama unywele, kisha hukirudisha dukani akidai waranti, na duka linamwonyesha alama za bisibisi. Kilichohitajika kilikuwa kubonyeza namba sahihi. Treni ile ya mezani na kisanduku chako cha Ndhiwa vimetengenezwa kwa akili moja, na kosa la kuvifungua kabla ya kuuliza ni moja.

Uchunguzi usiohitaji bisibisi

Anza na malipo. Fungua ujumbe wa M-Pesa uone kama pesa zilienda kwenye nambari sahihi ya biashara na kwenye akaunti yako. Tarakimu moja ikikosewa kwenye akaunti, umemlipia mtu wa Kehancha taa zake, na zako zimebaki zimefungwa. Kisha tazama taa ndogo za ishara au kioo cha kisanduku. Seti nyingi huonyesha siku zilizobaki, au huwasha rangi moja kwa "lipa" na nyingine kwa "betri imeisha". Maana ya kila rangi imeandikwa kwenye kijitabu kilichokuja na seti. Kijitabu hicho usikitumie kuwashia jiko.

Kama kisanduku ni cha laini, kitoe nje au kisogeze dirishani, mahali ambapo simu yako inashika mtandao vizuri, ukiache kwa saa moja hivi. Kama ni cha nambari, mpigie wakala au huduma kwa wateja uombe nambari ya mwisho uliyopaswa kuingiza, kisha uiingize taratibu, tarakimu baada ya tarakimu, mtu mwingine akikusomea.

Ikiwa malipo hayana doa na bado ni giza, geukia jua. Panda juu, au umtume kijana mwenye miguu mizuri, akatazame paneli. Vumbi la barabara ya Macalder, kinyesi cha ndege, na tawi la mwembe lililokua tangu mwaka jana ni maadui wakubwa kuliko watu wanavyodhani. Kivuli kinachofunika kona moja tu ya paneli kinaweza kupunguza umeme wake kwa kiasi kikubwa, kwa sababu vipande vyake vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, na kimoja kikilala huvizuia vingine. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini ikiwa na mwinamo mdogo, ili mvua ya masika ioshe vumbi yenyewe.

Kagua kebo yote kutoka paneli hadi ndani. Panya hupenda mpira wa waya, na waya uliolala juu ya ukingo wa bati huchunika kila upepo unapoutikisa. Kama una mita ya fundi, unaweza kuipima paneli bila kuvunja sharti lolote: ichomoe kwenye kisanduku, uielekeze juani saa sita, ugusishe ncha za mita kwenye plagi yake. Nyuma ya paneli kuna stika yenye herufi Voc na namba ya volti. Paneli ya mfumo wa volti 12 husoma takriban 18 hadi 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Za taa ndogo husoma chini ya hapo, ndiyo maana nakuambia usome stika. Mita ikikaribia namba ya stika, paneli haina kosa. Ikisoma sifuri, tatizo liko kwenye paneli au kebo, na kisanduku chako hakihusiki.

Hatua ya mwisho ni uvumilivu. Chomoa kila kitu, taa, redio, runinga, na uache kisanduku kichajiwe siku mbili nzima za jua bila kutumika. Betri nyingi za sasa ni za lithiamu, nazo zina ulinzi wa ndani unaozikata kabisa zikikauka sana. Betri ya namna hiyo huonekana maiti, kumbe imejificha, na chaji ya polepole huiamsha. Nimeona visanduku vikifufuka baada ya siku mbili juani wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ameibiwa.

Umefanya yote hayo na bado giza? Sasa hakika kisanduku kimekufa, na waranti imepata kazi.

Usimruhusu fundi akifungue

Kuna kitu kilichoniumiza Rongo, na ninakisimulia ili kisikupate. Jamaa yangu alikuwa na seti ya miezi saba. Taa tatu ziliwaka na ya nne haikuwaka. Fundi wa karibu, kijana mwaminifu mwenye mkono mzuri, alifungua kisanduku, akaona waya uliolegea, akauchomelea kwa risasi, taa ikawaka, akalipwa. Miezi miwili baadaye kisanduku kizima kikafa kwa sababu nyingine kabisa. Alipokipeleka, wahudumu walitazama stika ya lakiri iliyokatika, wakasema waranti imekwisha. Alikuwa bado anadaiwa zaidi ya nusu ya bei. Alilipa deni la kifaa kisichowaka, na kijana yule wa watu hakuwa na kosa lolote isipokuwa kumsaidia mteja wake.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya waranti, mwambie fundi, hata akiwa mpwa wako wa damu: "Pima nje, usifungue ndani." Anaweza kuangalia paneli, kebo, swichi za ukutani, na taa zenyewe. Jaribu kuhamisha taa iliyogoma kwenye tundu la taa inayowaka. Ikiwaka huko, tundu la kwanza ndilo bovu. Isipowaka, taa ndiyo mbovu. Jaribio hilo la dakika moja litakuepusha na mabishano ya wiki nzima ofisini.

Kumbuka pia kwamba kufungua si kosa la bisibisi peke yake. Kuchomeka kifaa kisicho cha seti, kwa mfano kuunganisha redio kubwa moja kwa moja kwenye betri, au kuongeza paneli ya pili uliyonunua Isebania ili "ichaji haraka", kampuni nyingi huhesabu ni kuchezea mfumo. Na kidhibiti chenye ubongo huweka kumbukumbu. Kinajua siku betri ilipokaushwa, na kampuni inaweza kuisoma. Usidanganye. Ukishikwa na uongo mmoja, ukweli wako wote hautasikilizwa.

Waranti inasema nini hasa

Waranti si ahadi ya mdomo ya kijana wa pikipiki aliyekuuzia. Ni maandishi yanayotaja kifaa, muda na masharti. Mashirika yanayopima ubora wa sola hudai kiwango cha chini. VeraSol, mpango ulioanza mwaka 2020 ukirithi kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia, unataka taa ndogo ziwe na waranti ya angalau mwaka mmoja. Kwa seti za nyumba, unataka kisanduku kikuu kiwe na angalau miaka miwili, na vifaa vinavyokuja na seti mwaka mmoja. Kwa hiyo ukiuziwa seti ya nyumba yenye waranti ya miezi sita, uliza kwa nini, na usione haya kuondoka.

Soma mambo matatu kwa jicho kali. La kwanza ni siku ya kuanza kuhesabu: tarehe uliyopokea kifaa, tarehe uliyolipa amana, au siku mtaalamu alipokifunga? Tofauti inaweza kuwa wiki kadhaa. La pili ni kile kisichohesabiwa. Maji, radi, kuanguka, wadudu, na kufungua ni orodha ya kawaida. Kwa wenyeji wa ufukweni jambo la maji lina uzito wa pekee. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo mingi, likaingia kwenye nyumba za watu. Anayekaa karibu na maji aweke kisanduku juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima, si chini ya kitanda. Radi nazo ni nyingi katika eneo lote la ziwa. Wingu likianza kunguruma, chomoa kebo ya paneli. Kazi hiyo ni ya sekunde tano.

La tatu watu husahau kabisa: kisanduku kikifungwa kwa sababu hujalipa, siku za waranti mara nyingi huendelea kukatika. Mvuvi wa omena analijua hili kwa uchungu. Kanuni za uvuvi hufunga msimu wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, na hata nje ya msimu huo, usiku wa mbalamwezi haufai kwa omena kwa sababu samaki hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Pesa zikikauka, malipo yanasimama na kifaa kinafungwa. Miezi minne ikipita hivyo, umepoteza theluthi moja ya waranti ya mwaka mmoja bila kuwasha taa hata siku moja. Kabla hujatia sahihi, uliza kama muda wa kufungwa unaongezwa mwishoni. Jibu likiwa ndiyo, liandikwe.

Kwa wavuvi nina maoni yangu wazi. Kama taa ni ya kazi ya ziwani peke yake, kukodi kunaweza kukufaa kuliko kununua. Wazo hilo halikuanza jana. Mbita ilipata kituo cha kuchajia taa za sola mwaka 2008 chini ya kampuni ya taa ya OSRAM ya Ujerumani, na baadaye kampuni ya WeTu ikaendeleza biashara ya kukodisha taa za uvuvi kando ya ziwa. Unachukua taa iliyojaa jioni, unairudisha asubuhi. Ikifa katikati ya ziwa, betri si mzigo wako. Mwenye kununua taa hubeba hatari ya maji, na maji ndiyo yanayotajwa kwanza kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika waranti maneno hayo ni ya kufuatwa neno kwa neno. Siku ile ile unapopokea seti, piga picha ya nambari iliyo chini ya kisanduku, ya paneli, ya risiti, na ya lakiri ikiwa nzima. Zitume picha hizo kwa mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu simu huibiwa na risiti za karatasi nyembamba hufifia mpaka zikawa nyeupe. Usifute ujumbe wa malipo. Taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba tena, lakini ujumbe wenye nambari za kuwashia ukiufuta ni kazi kuupata.

Unapolalamika, usiishie kwenye simu. Simu haina shahidi. Tuma ujumbe wa maandishi au barua pepe, au andika karatasi upeleke ofisini ukabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Unaweza kunakili maneno haya:

"Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti nambari … Kisanduku nambari … nilichopokea tarehe … kiliacha kuwasha taa tarehe … Malipo yangu yamefika hadi tarehe … Nimeingiza nambari za malipo, nimekagua paneli na kebo, na nimekichaji juani siku mbili. Hakijafunguliwa. Naomba kitengenezwe au kibadilishwe chini ya waranti, na siku nitakazokaa bila umeme zisihesabiwe kwenye deni langu. Naomba nambari ya malalamiko haya."

Maneno yale kuhusu deni usiyaache. Kimya chako kitachukuliwa kuwa kifaa kinafanya kazi, na deni litaendelea kukua wakati kisanduku kiko kwenye shelfu huko Kisumu. Sikushauri uache kulipa kimya kimya kwa hasira, kwa kuwa ukifanya hivyo kampuni itakuandika mdaiwa mkaidi badala ya mteja aliyeuziwa kitu kibovu. Kwanza andika, pata nambari ya malalamiko, kisha uombe malipo yasimamishwe.

Ukikabidhi kifaa, usikubali kuondoka mikono mitupu. Dai karatasi inayoonyesha nambari ya kifaa, tarehe, tatizo, hali ya nje ya kisanduku, na kwamba lakiri ilikuwa nzima. Uliza kinarudi lini na kama kuna cha kuazima. Kikirudi, linganisha nambari na picha yako. Mara nyingine unapewa kingine kilichotengenezwa, na hilo si kosa. Lakini ujue kama waranti yako inaendelea kwenye kile kipya au inaanza upya, na kama akaunti yako imehamishiwa kwenye nambari hiyo. Isipohamishwa, utalipa na kisanduku hakitakujua.

Wakikukatalia

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inaeleza zaidi: muuzaji huhesabiwa kuwa ameahidi ubora unaokubalika hata kama hakusema. Tena sharti lolote la mkataba linalojaribu kufuta ahadi hiyo ni batili. Sheria ya uuzaji wa bidhaa, ambayo ni ya zamani zaidi, nayo inataka kitu kifae kazi kilichonunuliwa kuifanya. Kwa hiyo yakisemwa "masharti yetu hayaturuhusu", jua kwamba masharti ya kampuni hukaa chini ya sheria, hayakai juu yake.

Ngazi za kupanda ziko hivi. Ukishaandika kwa kampuni na majibu yakawa ya kukuzungusha, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Bei ya seti ya sola iko chini sana ya hapo. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Ulizia kwenye mahakama ya Homa Bay au ya Migori dai lako litasajiliwa wapi. Hakimu hataki hotuba, anataka zile picha, ule ujumbe na ile karatasi yenye muhuri.

Lipo jambo ambalo sheria haiwezi kulitibu: kampuni yenyewe kuanguka. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa ikiuza sola Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Wateja wake walipata bwana mpya, lakini si kila kampuni inayoanguka hupata mnunuzi. Kisanduku kinachongoja nambari kutoka kwa kampuni iliyokufa hubaki kimefungwa. Ndiyo maana ukiwa na uwezo wa kumaliza deni mapema, maliza, na siku hiyo hiyo uhakikishe umepewa nambari ya kukifungua moja kwa moja. Iandike ukutani kama unataka.

Kwa sababu hiyo pia, usinunue kisanduku cha mkono wa pili ambacho mwenyewe hajamaliza kulipa. Kiko kwenye akaunti yake, kinamtii yeye, na siku atakapoacha kulipa kitakufungia wewe. Cha kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Sirari, kina shida nyingine: akaunti yake iko Tanzania, na waranti yake italetewa maswali upande huu.

Muda wa waranti ukiisha

Sasa fundi wako aruhusiwe. Deni limeisha, nambari ya kufungua umeipata, lakiri haina maana tena. Lakini chagua fundi kwa akili. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinataka wanaofunga mifumo wawe na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo hadi mikubwa. Mwombe akuonyeshe. Yule kijana wa Rongo mwenye mkono mzuri anaweza kwenda kusomea, na nchi inamhitaji.

Kazi inayohitajika zaidi ni kubadilisha betri, na hapo ndipo visanduku vizima huuawa. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati yenye seli nne ina volti za kawaida 12.8. Ya risasi na asidi ikijaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Namba zinafanana, lakini chakula cha betri hizi mbili ni tofauti. Kidhibiti kilichopangwa kwa ajili ya moja kikipewa nyingine, kitailisha vibaya, na betri mpya ya maelfu ya shilingi itaisha kabla ya mavuno mawili. Mwambie fundi asome maandishi ya betri ya zamani, aina na volti na uwezo, anunue inayolingana. Akisema "zote ni sawa", mlipe nauli yake umwache aende.

Betri iliyokufa usiitupe chooni, usiichome, wala usiwape watoto waipasue wachukue risasi. Risasi huingia mwilini mwa mtoto na kuharibu ubongo, na lithiamu iliyotobolewa hulipuka moto. Irudishe kwa aliyekuuzia. Watengenezaji na waagizaji wana wajibu wa kisheria juu ya taka za bidhaa zao.

Na kama seti yako bado inawaka usiku wa leo, hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote. Igeuze, soma nambari iliyo chini, ipige picha, uiandike kwenye daftari pamoja na tarehe uliyoipokea.